Sindano si Uzi

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na asubuhi ile mti wa kwanza kumtelezea Kifungo ulikuwa pasi. Umeme ulikatika akiwa katikati ya mgongo wa shati jeupe, naye akaenda uani kusuuza mashuka, maana kwa dobi hakuna kukaa bure. Umeme ukarudi bila kubisha hodi. Harufu ilipomfikia alikuwa na povu mpaka kwenye viwiko. Alikimbia, lakini maji yalikuwa yameshamwagika: pasi ilikuwa imepiga muhuri wake wa kahawia, mzima mzima, ncha imeelekea kwenye kola.

Mwenye duka la dobi, ambaye wote walimwita Tajiri ingawa utajiri wake ulikuwa mashine mbili na mdomo, alilinyanyua shati kwa vidole viwili akaliweka kwenye mwanga wa dirisha.

"Hili ni shati au ni picha ya pasi?"

Kifungo alipangusa povu viwikoni.

"Mwenyewe anakuja kulichukua mchana huu. Utamkabidhi wewe, utamweleza wewe, atakutukana wewe. Ukitoka hapa kabla hajafika, usirudi tena."

"Nimesikia, Tajiri."

"Umesikia! Sikio la kufa halisikii dawa. Mara ngapi nimesema pasi isiachwe kifudifudi?"

Alikuwa amesema, tena mara nyingi. Kifungo hakulia. Kulia nako kunataka nguvu, na zake zilikuwa zimeishia nyumbani, kumgeuza mama mkwe kitandani, kumwosha, kumpikia uji, kumtafutia miwani ambayo alikuwa ameivaa. Bandubandu huisha gogo, na yeye alijihisi amebaki gome. Alichotaka kilikuwa kidogo sana. Alitaka kuandika neno moja kwenye simu, apewe pole tatu, kisha aendelee na mashati yaliyobaki.

Hapo inabidi turudi nyuma kidogo. Kundi lao la simu liliitwa Shati Moja. Wanne waliokuwamo waliwahi kukaa kwenye mstari mmoja wa vyerehani, katika kiwanda cha mashati ambacho siku hizi ni ghala la saruji. Kila mmoja alishona kipande chake siku nenda siku rudi, mpaka majina waliyopewa na wazazi wao yakasahaulika na vipande vikawa ndiyo majina. Kola alikuwa mkubwa wao na kiongozi wa mstari; sasa ni mpishi wa shule ya bweni, na bado anaamrisha. Mfuko, mwanamume pekee, mtu wa maneno machache kuliko akiba ya maskini, ni mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi. Mkono alishona mikono. Sasa anashonea nyumbani kwake, anapunguza suruali na kubadilisha zipu. Na Kifungo, aliyekaa mwisho wa mstari, anapiga pasi mashati yaliyoshonwa na watu asiowajua, mbali huko.

Mstarini kulikuwa na desturi. Uzi ukikukatikia ulipaza sauti, "Uzi!" Wenzako wakapunguza mwendo ili vipande visikurundikie, wakakujibu kwa pamoja, "Pole! Funga fundo tuendelee!" Ukishafunga ulisema, "Nimefunga," na mstari ukashika kasi yake. Kiwanda kilipokufa, desturi ilihamia kwenye simu. Aliyepatwa na mkosi wa siku aliandika "Uzi" na kueleza: paa limevuja, mtoto kafeli, goti limevimba, jirani kaazima ndoo na sasa anaiita yake. Watatu wengine walitoa pole zao. Mwenye mkosi akiona zimetimia aliandika "Nimefunga," na hapo ndipo mwingine aliruhusiwa kutoa uzi wake. Hakuna kurukiana. Hakuna ushauri wala mahubiri, maana ushauri wanao wengi na wanaugawa bure. Pole tu. Na asikudanganye mtu kwamba pole ni neno dogo. Ziko jioni ambazo Kifungo alipata nguvu ya kupanda kitandani kwa sababu ya pole zile tatu.

Lilikuwapo neno la pili: "Sindano." Hilo halikujibiwa kwa pole. Sindano ikimwingia mtu kidoleni, kila cherehani kilizimwa, kila mtu alisimama, na msimamizi apasuke akipenda. Katika kundi la simu hakuna aliyewahi kuliandika. Kiwandani lilisikika mara chache, na mara moja aliyelipaza ni Kifungo mwenyewe, siku mashine ya vifungo ilipomchoma kwenye ukucha na sindano ikakatikia ndani. Aliyemfikia wa kwanza alikuwa Mkono. Alimshika bega, akamtoa nje, na njia nzima mpaka zahanati akawa anamsimulia habari za shangazi yake aliyeolewa na bwana mwenye kigugumizi, na jinsi harusi ilivyochelewa kwa sababu bwana harusi alikwama kwenye "nimekubali". Kifungo alicheka mpaka machozi, wala kidole hakukitazama. Baadaye sana ndipo aligundua kwamba Mkono hana shangazi.

Lakini mdomo ule ule uliomwokoa ndio uliokuja kuwachosha. Mkono hakuandika, alituma sauti. Na sauti yenyewe haikuwa sauti, ilikuwa redio. Ungeweza kuosha vyombo, ukafagia, ukaanika, ukarudi, ukamkuta bado hajafika kwenye mkosi wenyewe. Wahenga walisema sikio halilali na njaa. Masikio ya Shati Moja yalikuwa yamevimbiwa. Basi polepole, bila kuambiana, watatu wale waliacha kusikiliza. Waliona sauti ya Mkono imeingia, wakaandika pole, wakaendelea na shughuli zao. Kifungo alifika mahali simu yake ikamzoea: akigusa herufi ya p, sentensi nzima inajileta yenyewe. Si ubaya. Mtu aliyechoka hana ubaya, ila masikio pia hana.

Ndivyo ilivyokuwa jana yake jioni. Alikuwa anamlisha mama mkwe uji kwa kijiko, simu ikalia.

"Simu yako hiyo, mkamwana," mama mkwe alisema.

"Ni Mkono huyo, mama. Yeye na mbuzi wa jirani yake."

"Umejuaje na hujasikiliza?"

"Mkono namjua."

Akagusa p, akatuma, akarudi kwenye uji kabla haujapoa.

Sasa, asubuhi hii ya shati lililoungua, alijificha nyuma ya makoti yaliyoning'inizwa akafungua kundi. Kidole kilikuwa tayari kuandika "Uzi" alipoona kwamba hawezi. Mkono alikuwa hajafunga. Sauti yake ya jana ilikuwa pale pale, pole tatu chini yake, na hakuna "Nimefunga". Mstari ulikuwa umesimama tangu jana jioni. Kifungo alihisi hasira ndogo, ile hasira ya mtu aliyefika bombani akakuta ndoo ya mwenzake imeachwa chini ya maji na mwenyewe hayupo. Akaandika: "Mkono, funga basi! Na wengine tuna nyuzi zetu."

Alama za ujumbe zikageuka buluu. Mkono ameusoma. Kifungo akasubiri. Hakikuja kitu, si sauti, si maandishi, wala hata kile kikaragosi chake cha kulia kwa kucheka. Akarudi mezani, akanyoosha mkono wa shati jingine, akaitazama simu. Kimya. Mkono kunyamaza ni kama jogoo kunyamaza alfajiri: hufurahii usingizi, unajiuliza nani kamchinja.

Akapitisha waya wa sikio chini ya kilemba ili Tajiri asiuone, akabonyeza, na mkono wake ukaendelea kupiga pasi.

"Uzi jamani, uzi!" sauti ya Mkono ilianza, na kicheko nyuma yake. "Yule mbuzi. Nasema yule mbuzi kaingia ndani kwangu kama mpangaji, kala pindo la sketi ya mteja, tena upande wa mbele! Namfukuza ananitazama kama mimi ndiye niliyeingia kwake..." Mbuzi alichukua muda wake. Baada ya mbuzi ikaja zipu, baada ya zipu mteja, baada ya mteja mke wa kaka yake aliyepiga simu kuomba blanketi. Kifungo alimaliza mkono mmoja wa shati, akageuza wa pili. Kisha kicheko kikakauka, na Mkono akavuta pumzi.

"Haya, nisiwachoshe. Lile fundo nililowaambia. Wamesema halingoji. Kesho asubuhi wanalitoa, hospitali kuu, wodi ya upasuaji. Wanataka mtu wa kuwa nami. Kaka yuko mbali, na mwanangu sikumwambia, yumo kwenye mitihani. Mimi naogopa, sitawaficha. Nimewahi kuwaambia naogopa kitu? Basi hiki naogopa. Sindano, jamani. Haya, nimesema. Sindano. Nisipoona uso wa mtu ninayemjua, mle ndani siingii, najijua. Nitachukua kikapu changu nirudi nyumbani nikamalizie ile sketi, na litakalokuwa na liwe. Basi. Lakini yule mbuzi, hata nikifa, sijamsamehe."

Kifungo aliinua pasi. Safari hii aliisimamisha wima, kisha akatazama kioo cha simu. Chini ya sauti ile kulikuwa na jibu lake yeye, la kwanza kabisa: "Pole. Funga fundo tuendelee." Chini yake Kola, maneno yale yale na viganja viwili vya kuomba. Chini yake Mfuko: "POLE. FUNGA." Na chini ya yote, la leo: na wengine tuna nyuzi zetu.

Aliona aibu, na aibu ile ilikuwa na joto kuliko pasi. Akapiga simu ya Mkono, imezimwa. Akaandika kwenye kundi neno moja, "SINDANO", na haikupita hata pumzi Kola akapiga.

"Nani? Wewe?"

"Mkono. Sikiliza sauti ya jana."

"Nilisikiliza, si habari za..." Kola akasita. Nyuma yake sufuria ziligongana. "Habari za nini?"

"Sikiliza mpaka mwisho, dada. Kisha njoo hospitali kuu."

Tajiri alimkuta anavua aproni. Kifungo alikuwa amelikunja shati lililoungua vizuri, akafunga vifungo vyake vyote, akaliweka juu ya meza ya mapokezi.

"Mwenye shati hajafika," Tajiri alisema.

"Najua."

"Nilikwambia ukitoka nini?"

"Uliniambia. Ukimwona mwenyewe, mwambie nimelichoma mimi, kwa uzembe wangu. Mwambie simkimbii."

"Na mimi je?"

"Wewe ndio nakukimbia, Tajiri. Nisamehe."

Hakuwa na nguvu ya kugombana, na pengine ndiyo maana Tajiri alimpisha apite. Watu waliochoka sana huwa hawatishiki.

Wodi ya upasuaji ilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu unaonuka dawa ya sakafu. Muuguzi alikuwa mezani, kalamu imechomekwa kwenye nywele.

"Namtafuta mgonjwa wa leo asubuhi," Kifungo alisema akihema. "Mama mmoja, ana kikapu, ana..."

"Ana maneno."

"Huyo huyo."

"Wewe ni ndugu yake?"

"Ndiyo."

"Mlikuwa wapi nyinyi? Kakaa kwenye benchi lile tangu alfajiri. Kila mlango ukifunguka anageuka. Nimemwambia zamu yake imekaribia, akasema ngoja nikanunue maji mara moja. Amevaa nguo zake, kikapu kakibeba. Sasa niambie, ni nani anayekwenda kununua maji kabeba na mashuka?"

Kifungo alikuwa ameshageuka. Mtu wa umri wake hakimbii ukumbini, lakini alikimbia, kandambili zikimpiga kisigino, akapita dirisha la dawa, akapita watu wanaosubiri vipimo, akatoka kwenye jua. Mkono alikuwa langoni, amekaa kwenye ukingo wa ukuta, kikapu kimewekwa magotini. Utepe wa hospitali ulikuwa bado mkononi mwake. Alikuwa akiutazama.

"Mkono."

Mkono aliuzungusha ule utepe.

"Mkono, nimekuja."

"Nimeona."

Neno moja. Kifungo aliogopa neno lile kuliko matusi yote ambayo Tajiri angeweza kuyatafuta. Akakaa kando yake, ukutani.

"Umesikiliza lini?" Mkono aliuliza.

Uongo ulikuwa karibu, ulikuwa umekaa kwenye ncha ya ulimi. "Leo. Asubuhi hii nikipiga pasi."

"Na jana?"

"Jana sikusikiliza."

"Najua. Jibu lako lilifika kabla sijaiweka simu chini. Nikasema huyu mwenzangu ana masikio ya ajabu, kasikia yote kwa kupepesa jicho." Hakucheka. "Tena si jana tu. Mtu akiisikiliza sauti yangu, alama inageuka rangi huku kwangu. Zenu hazijageuka tangu sijui lini. Mlidhani sioni?"

Kifungo alitazama miguu yake. "Sasa kwa nini uliendelea kutuma?"

"Ningefanyaje? Nyumbani kuna cherehani na paka. Ukuta wenu angalau ulikuwa unasema pole."

Watu waliingia na kutoka langoni. Mwanamke mmoja alipita na chupa ya chai na bakuli lililofungwa kitambaa, anamwahi mgonjwa wake. Kifungo alitaka kusema mambo mengi kuhusu uchovu, mama mkwe, siku zinavyomaliza mtu, na yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililofaa kusemwa pale.

"Nisamehe," alisema.

"Sina fundo na wewe. Nililo nalo linanitosha."

"Basi turudi ndani."

"Siendi."

"Nitakaa mlangoni. Siondoki."

"Kifungo, naogopa." Sauti ilimvunjika kama ya mtoto. "Nikiuona ule mlango, miguu inakataa. Sijui kuna nini kule ndani. Nitalala mimi, nitaamka nani?"

Kifungo hakujua. Alichokijua ni kidole chake, na kovu la ukucha uliokataa kuota sawa. Akasimama, akachukua kikapu magotini mwa Mkono bila kuomba, akamshika bega kama alivyowahi kushikwa yeye. Na yeye ambaye maneno yake yalikuwa ya mwisho kufika, kama vifungo vyake, akafungua mdomo na kuanza kusema.

"Unajua leo nimefanya nini? Nimechoma shati la watu. Si kidogo, nimelichora pasi nzima mgongoni, jeupe pee. Tajiri kaniuliza hili ni shati au picha? Nikataka kumwambia bosi, tuliweke ukutani, tutoze kiingilio. Inuka. Mwenyewe anakuja mchana, na mimi huyo nimetoroka, hivi sasa nadhani anasimama pale kaunta anageuza shati huku na huku anatafuta mlango wa kuingilia..."

"Muongo wewe."

"Haki ya nani. Pasi nimeilaza kifudifudi, umeme ukarudi, mimi niko uani nasuuza. Angalia ngazi hapo. Na mama mkwe nimemwacha na jirani, akiamka ataanza kutafuta miwani, iko usoni, atamtuma jirani chini ya kitanda, jirani naye hana adabu, atakwenda kweli..."

Walikuwa wameshaingia ukumbini. Alihisi bega la Mkono linakakamaa, akazidisha. Alisema habari za makoti yasiyo na wenyewe, za mteja anayeleta soksi moja moja, za paka wa dobi anayelala juu ya mashuka ya watu. Alisema mpaka maneno yakamwishia kabisa, na mlango ulikuwa bado mbele yao, muuguzi amesimama kando yake. Akakamata la mwisho alilokuwa nalo.

"Hivi yule shangazi yako, mwishowe alizaa?"

"Shangazi yupi?"

"Wa bwana kigugumizi."

Mkono alisimama. Akamtazama Kifungo, na kitu fulani usoni mwake kikalegea, kikaanza kupanda polepole mpaka kikafika machoni.

"Alizaa," alisema. "Mapacha. Mpaka leo baba yao hajamaliza kuwapa majina."

Wakacheka pale mlangoni, wanawake wawili watu wazima, wameshikana kama walevi, mpaka muuguzi akawaambia hospitali hii ina wagonjwa. Mkono alifuta macho kwa kiganja. Akachomoa simu yake kifuani, akaiwasha, akaitia ndani ya kikapu.

"Shika hii. Sijafunga, umesikia? Usinifungie wewe."

"Sifungi."

"Nikitoka nitafunga mwenyewe."

Akaingia. Mlango ulikuwa wa mbao za kawaida, umebabuka rangi chini, mahali unaposukumwa kwa mguu.

Kifungo alikaa kwenye benchi, kikapu mapajani. Sasa uchovu ulimjia wote kwa mkupuo, lakini hakulala. Alifungua kundi akaanza kupanda juu, sauti baada ya sauti, zote za Mkono, zote na kidoti cha sauti ambayo haijasikilizwa, na chini ya kila moja pole tatu. "Lile fundo nililowaambia," Mkono alikuwa amesema jana. Lini? Akachomeka waya sikioni, akasikiliza. Sauti moja ilikuwa bomba lililopasuka. Nyingine mteja aliyekimbia na sketi. Nyingine Mkono aliimba nusu ya wimbo, akasahau maneno, akaaga. Kifungo alizisikiliza zote bila kuruka, na alishangaa jinsi zilivyokuwa nzuri.

Aliipata ile aliyoitafuta mbali huko, kabla ya mvua. Ilianza na foleni ya maji na ikaishia bafuni.

"...sasa naoga zangu, nakuta kijifundo hapa chini ya kwapa. Kidogo, kigumu, kama kifungo cha kola vile. Pengine ni joto tu. Eti Kifungo, wewe ndiye mwenye vifungo, hiki ni cha aina gani? Niambie maana mimi najichekesha hapa lakini usingizi siupati."

Na chini yake, dakika ile ile, jibu la Kifungo: "Pole. Funga fundo tuendelee."

Aliirudia. Akairudia tena. Alikuwa ameitwa kwa jina, akaulizwa swali, na mvua zilinyesha zikaisha.

Kola na Mfuko walimkuta hivyo. Kola alikuwa na aproni ya jikoni, ananuka moshi. Mfuko alikuwa na sare yake ya ulinzi na rungu bado mkononi, kalisahau.

"Yuko wapi? Ameshaingia?" Kola alisema kwa pumzi moja. "Daktari kasema nini? Mbona mtu hasemi kitu kama hiki? Mimi ni mkubwa wake, angeniambia!"

Mfuko aliliweka rungu chini ya benchi, taratibu, lisipige kelele.

"Alituambia," alisema.

Kola akaitazama simu ya Kifungo. Akakaa. Kifungo alichomoa waya wa sikio moja akampa, yeye akabaki na wa pili, Mfuko akainama karibu ingawa asingesikia kitu, na wote watatu wakakaa wakimsikiliza Mkono akioga kabla ya mvua. Kola aliilaza aproni usoni. Hakuna aliyemwambia mwenzake pole.

Ilipokwisha, Kifungo aligusa swali lile ili kulijibu. Kidole chake kikaenda chenyewe kwenye p, na sentensi nzima ikajileta. Aliifuta, neno baada ya neno. Kisha akabonyeza alama ya sauti, akaisogeza simu mdomoni.

"Sikijui, Mkono," alisema. "Sijui ni kifungo cha aina gani. Lakini nimekusikia."

Akaachia. Ndani ya kikapu, mapajani pake, simu ya Mkono ikalia.